Mtoto Asiyetulia Darasani Tumuulizie na Usiku Wake

Barua zinazotoka shule za awali kuja kliniki hufanana sana. Mtoto hakai kwenye kiti, hamalizi kazi aliyopewa, anawasukuma wenzake, anaitwa mara tatu ndipo ageuke, na mwishoni mwalimu anamshauri mzazi aonane na daktari. Mama au baba anayefika na barua ya namna hiyo hutegemea nimuulize kuhusu darasa, lakini mimi kama daktari wa watoto huanza na usiku: mtoto analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, anakoroma au hakoromi, anahema kwa pua au kwa mdomo, na asubuhi anaamka mwenyewe au anavutwa kitandani huku analia. Wazazi wengi hawajawahi kuulizwa maswali hayo, na naamini kwamba hakuna mtoto anayepaswa kupewa jina la ugonjwa wa akili au tabia kabla hayajajibiwa.

Kinachotupotosha ni kwamba mtoto mdogo aliyekosa usingizi hafanani na mtu mzima aliyekesha. Mtu mzima husinzia, hupiga miayo na kupooza. Mtoto wa miaka 4 huchangamka kupita kiasi, hupanda juu ya meza, huruka kutoka mchezo mmoja hadi mwingine bila kuumaliza, na huangua kilio kwa sababu tu kikombe alichopewa si kile alichokitaka. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humwezesha mtu kusubiri zamu yake, kujizuia na kushika jambo moja hadi likamilike, katika umri huo bado ni changa, nayo ndiyo huelemewa mapema usingizi unapopungua. Matokeo yake ni tabia zinazolandana kwa karibu na dalili za hali ambayo kwa kifupi huitwa ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu ambalo mtoto huwa nalo tangu utotoni. Mwalimu anayeandika barua hana kosa lolote, kwa kuwa anaeleza alichokiona, na asichoweza kukiona ni kile kinachotokea saa nane za usiku.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na yule wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14. Kwa wenye miaka 6 hadi 12, wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12. Mzazi akisikia takwimu hizi hudhani kuwa ni za watoto wa Ulaya, lakini ubongo wa mtoto hauna uraia. Naomba kila mzazi wa mjini afanye hesabu ifuatayo. Mtoto wa miaka 4 anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kwenye njia ndefu ya kuzunguka mitaa, huamshwa saa kumi na nusu ili aoge na kuvaa. Ili afikishe saa 10 za usiku ingempasa awe amelala saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati Dar es Salaam jua ndiyo kwanza linazama na wazazi wake wote wawili bado wako kwenye foleni. Kwa kawaida mtoto huyu hulala saa tatu au saa nne, baada ya kumsubiri baba na kula pamoja na familia. Usingizi wake wote ni wa saa saba na nusu au sita na nusu, na hata akipata usingizi wa saa moja kwenye mkeka wa shule, deni linabaki kubwa, tena ni deni la kila siku ya juma.

Deni dogo zaidi ya hilo limeshapimwa na matokeo yake yanaonekana. Mwaka 2003 mtafiti Avi Sadeh na wenzake nchini Israel waliwaomba watoto 77 wa darasa la nne na la sita wabadilishe muda wao wa kulala kwa usiku tatu, baadhi wakiongeza saa moja na wengine wakipunguza, na tofauti ikajitokeza kwenye vipimo vya umakini na kumbukumbu kati ya makundi hayo. Mwaka 2012 huko Montreal, Reut Gruber alionyesha katika watoto 34 wa miaka 7 hadi 11 kwamba nyongeza ya wastani wa dakika 27 tu kwa usiku ilitosha kuwafanya walimu, ambao hawakuambiwa nani yuko kundi lipi, waone watoto hao wametulia zaidi. Ni dakika 27, muda ambao familia nyingi huupoteza mbele ya runinga bila kujua ulikokwenda.

Kuhusu runinga na simu, hoja yangu kubwa ni mwanga, hata kabla hatujazungumzia maudhui. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayoutayarisha mwili kulala, na jicho la mtoto mdogo hupitisha mwanga mwingi kuliko la mtu mzima. Huko Colorado mwaka 2018 watoto 10 wa miaka 3 hadi 5 waliwekwa kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya muda wao wa kulala, melatonini yao ikashuka kwa karibu asilimia 90, na dakika 50 baada ya taa kuzimwa ilikuwa bado haijarudi ilivyokuwa. Najua kwamba familia nyingi zinaishi chumba na sebule, na kwamba mtoto hulala kwenye kochi au godoro la sebuleni huku wakubwa wakitazama taarifa ya habari. Simlaumu mtu kwa udogo wa nyumba. Hata hivyo, katika nyumba ya namna hiyo inawezekana mtoto akalazwa kwanza kwenye kitanda cha wazazi palipo na giza na kuhamishwa baadaye, au runinga ikazimwa saa mbili na wakubwa wakaendelea na mazungumzo yao. Kulala kitanda kimoja na mama au bibi hakudhuru umakini wa mtoto wa miaka 4, na sijawahi kumwambia mzazi auache utaratibu huo kwa sababu hiyo.

Jambo ambalo ningependa kulikalia zaidi ni kukoroma, kwa sababu hapa imani iliyozoeleka inawaumiza watoto. Watu wengi huchukulia kwamba mtoto anayekoroma amelala fofofo. Anayekoroma usiku mwingi wa juma, na hana mafua, anapigana na njia ya hewa iliyobana. Mara nyingi sababu ni tezi zilizo nyuma ya pua, ambazo wengi huziita nyama za puani, pamoja na tezi za kooni, yaani zile zinazovimba tunaposema mtoto ana mafindofindo. Kati ya miaka 2 na 8 tezi hizi huwa kubwa ukilinganisha na nafasi iliyopo, na mtoto mwenye mzio, au anayelala kwenye nyumba yenye moshi wa sigara, hubanwa zaidi. Akisinzia, misuli ya koo hulegea, njia hufunga, hewa hukatika, na ubongo humshtua kidogo ili avute pumzi. Hakumbuki chochote asubuhi, ila usiku mzima amelala usingizi wa mang'amung'amu.

Kipimo kamili cha hali hii humtaka mtoto alale hospitalini akiwa ameunganishwa na mashine usiku kucha, na kwetu si rahisi kukipata, kwa hiyo huwaomba wazazi wanirekodie video kwa simu. Saa ya kurekodi ni ile ya kuelekea alfajiri, hali inapokuwa mbaya zaidi, na mtoto afunuliwe fulana ili kifua kionekane. Ninachokitafuta ni hiki: kichwa kimetupwa nyuma kama anayetazama dari, mdomo uko wazi na udenda umelowesha mto, shimo lililo chini ya koo linabonyea ndani kila anapovuta hewa, tumbo linapanda wakati kifua kinashuka. Kisha sauti ya kukoroma inakatika ghafla. Kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika lakini hakuna hewa inayopita, mpaka mtoto anapokurupuka kwa mkoromo mkubwa, anageuka na kuanza tena. Video ya dakika mbili ya namna hiyo hunipa zaidi ya nusu saa ya maswali. Nikiiona, hatua inayofuata ni daktari bingwa wa masikio, pua na koo.

Kati ya kila watoto 100, kadiri ya mtoto 1 hadi 5 wana tatizo hili. Mwaka 1998 David Gozal aliwapima watoto 297 wa darasa la kwanza nchini Marekani waliokuwa mkiani mwa madarasa yao, akagundua 54 wenye hitilafu ya kupumua usingizini, na wale waliofanyiwa upasuaji wa tezi walipanda alama mwaka uliofuata ilhali wasiofanyiwa hawakupanda. Mwaka 2006 Ronald Chervin aliripoti kwamba katika watoto 22 waliokuwa na vigezo vya ADHD kabla ya upasuaji wa tezi, 11 hawakuwa navyo tena baada ya mwaka mmoja. Huo ni ushahidi wenye uzito, lakini sitaki mzazi atoke hapa akidhani kwamba upasuaji ni tiba ya kila mtoto asiyetulia. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013, lenye watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, lilionyesha kwamba baada ya miezi saba vipimo vya umakini vya mezani havikutofautiana kati ya waliofanyiwa upasuaji na waliosubiri, ingawa usingizi, tabia na maisha yao ya kila siku, kama wazazi na walimu walivyoyaeleza, viliboreka zaidi kwa waliofanyiwa. Tena asilimia 46 ya waliosubiri walipona usingizini bila kisu, dhidi ya asilimia 79 ya waliopasuliwa. Kwa hiyo mtoto mwenye hali nyepesi anaweza kuanza na dawa ya kupuliza puani na kufuatiliwa, lakini yule ambaye pumzi inakatika waziwazi, hakui vizuri, au ameanza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, asicheleweshwe.

Wapo watoto ambao hawakoromi lakini hawatulii kitandani. Wanapiga mateke, wanajigaragaza, wanaomba wakandwe miguu, na wakiulizwa husema kuna wadudu wanatembea ndani ya miguu. Hapa hupima akiba ya madini ya chuma, ambayo ubongo huyahitaji kutengeneza kemikali zinazoratibu mwendo na umakini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 58 ya watoto walio chini ya miaka 5, lakini akiba ya chuma inaweza kuwa imekwisha hata damu ikionekana ya kutosha. Kipimo chake ni feritini, na kwa mtoto mwenye miguu ya namna hii mwongozo wa wataalamu wa mwaka 2018 unashauri matibabu ya chuma ikiwa iko chini ya mikrogramu 50 kwa lita. Nitahadharishe kwamba feritini hupanda mtoto akiwa na malaria au maambukizi mengine, hivyo ikipimwa siku ya homa inaweza kuonekana nzuri bila kuwa nzuri. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na maharage au dagaa nayo huzuia chuma kisifyonzwe, na chungwa husaidia kifyonzwe. Mwasho kwenye njia ya haja kubwa unaomwamsha mtoto usiku huelekeza kwenye minyoo midogo myeupe, tatizo linalotibika kwa bei nafuu. Mtoto mwenye selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, na nchini Tanzania takriban 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, anastahili kuulizwa kuhusu kukoroma kila anapohudhuria kliniki, kwa kuwa hewa ya oksijeni ikishuka usiku kwake madhara ni makubwa zaidi.

Kuna jambo moja ninalolikataza kabisa, nalo ni kumpa mtoto dawa ya mafua au ya mzio ili alale. Promethazini, mojawapo ya dawa hizo, imeshasababisha vifo kwa kuzima upumuaji wa watoto wadogo, na tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imekataza isitolewe kwa aliye chini ya miaka 2. Kwa anayekoroma hatari huongezeka, na watoto wengine piriton huwachangamsha badala ya kuwalaza.

Baada ya yote haya, wapo watoto wenye ADHD ya kweli, na wengi wao wana matatizo ya usingizi pia. Usingizi mzuri hauiondoi, ila hupunguza ukali wake: mwaka 2015 huko Melbourne, Harriet Hiscock na wenzake waliwafuatilia watoto 244 wenye ADHD, na familia zilizopewa vikao viwili vya ushauri wa usingizi na kupigiwa simu mara moja ziliona nafuu kwenye dalili za watoto wao. Kwa sababu hiyo huomba kwanza wiki chache za kuamka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo, na kusogeza muda wa kulala mapema kwa dakika 15 kila baada ya siku kadhaa. Mzazi aandike kwenye daftari saa za kulala, za kuamka na za kusinzia mchana, na ikiwezekana azungumze na uongozi wa shule kuhusu njia ya basi, maana wazazi watatu wa mtaa mmoja wakienda pamoja husikilizwa kuliko mmoja. Ikiwa mtoto analala vya kutosha, hakoromi, akiba yake ya chuma iko sawa, na bado kwa zaidi ya miezi sita hatulii nyumbani na shuleni kote, hapo ndipo tunaketi kumpima ADHD kwa kina, na kwa wenye miaka 4 na 5 tunaanza na mafunzo kwa wazazi kabla ya dawa yoyote.