"Huna makaratasi, sahau chuo": tunavyodanganyana kuhusu skolashipu huku Marekani

Ikifika Oktoba simu yangu haipumziki. Ni mzazi, au kijana mwenyewe, anaanza na habari za nyumbani, mvua, harusi ya fulani, halafu sauti inashuka, "anti, kuna kitu nataka kukuuliza ila kisitoke hapa." Basi nishajua. Mtoto yuko mwaka wa mwisho hai skuli, aliletwa mdogo kwa visa ya matembezi, visa ikaisha, maisha yakaendelea, na sasa wenzake wanajaza fomu za chuo yeye anajifanya eti hapendi kusoma. Mimi si wakili, niseme mapema. Nimejaza tu hizi fomu na vijana wa hapa Maryland kwenye meza ya jikoni miaka na miaka, na maneno ya uongo ninayoyasikia ni yale yale, yanatoka wotsapu yanaingia kanisani yanarudi wotsapu.

"Bila makaratasi chuo hawakuchukui"

Hakuna sheria ya serikali kuu inayokataza chuo kumpokea mtu asiye na makaratasi. Mambo ya shule mpaka darasa la 12 yalimalizwa na Mahakama ya Juu mwaka 1982, kesi ya Plyler v. Doe, kwamba mtoto asome bila kuulizwa hali yake. Chuo hakikuguswa, kikabaki mikononi mwa majimbo na vyuo vyenyewe. Ndiyo maana South Carolina na Alabama wamefunga vyuo vyao vya umma kwa vijana hawa, na Georgia wamefunga vile vya umma vinavyochuja sana waombaji. Atlanta Wakenya tumejaa kwa hiyo hili linauma watu wengi ninaowajua, na ni Georgia hiyo hiyo ilianzishwa Freedom University mwaka 2011, inawafundisha bure vijana waliofungiwa mlango. Lakini hata Georgia chuo binafsi kinajiamulia chenyewe, na majimbo mengine karibu yote mlango uko wazi. Kuingia si shida. Shida ni pesa.

"Jaza FAFSA tu, nani ataangalia"

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndipo watu wanaingia choo cha kike.

FAFSA ni fomu ya pesa za serikali kuu, yaani Pell Grant (ruzuku usiyorudisha), mikopo ya serikali, na zile kazi za chuoni zinazolipwa na serikali. Asiye na makaratasi hapati hata senti humo, na mwenye DACA, ile ruhusa ya muda ya kukaa na kufanya kazi kwa walioletwa wadogo, pia hapati, hata kama ana namba ya soshal (Social Security). Sasa kuna jioni moja nimekaa na kijana, mama yake anakaanga mandazi nyuma yetu, laptop iko katikati ya vikombe vya chai, tumefika kwenye swali la uraia. Majibu ni matatu: raia wa Marekani, mgeni anayestahili, au si mmoja wa hao. Nageuka kuchukua simu, nikirudi naona mshale uko kwenye kile cha kwanza na kidole kiko tayari. Namwambia ngoja, unafanya nini? "Anti, si nimekulia hapa? Kaunsela alisema kila mtu ajaze."

Kaunsela hakujua, wala simlaumu, mtoto hakuwahi kumwambia. Ila kile kiboksi kimoja kingeweza kumfungia maisha. Sheria ya uhamiaji ina kipengele cha kudai uraia kwa uongo, na adhabu yake haina muda, hakuna msamaha wa kawaida, unaweza kuja kuoa raia, ukapata watoto raia, ukaomba grini kadi na ukaambiwa siku fulani ulitiki hapa. Kuna makosa mengi ya uhamiaji yana njia ya kurekebisha, hili karibu halina. Kwa hiyo kama huna makaratasi, usijaze FAFSA kubahatisha, na popote pale, fomu ya chuo, fomu ya kazi, hata fomu ya leseni, usitiki raia. Kuacha wazi ni sawa, wengi wanaacha. Kudanganya hapana.

"Basi kama si FAFSA, hakuna pesa"

Kuna mifuko mitatu mingine na watu hawaiangalii kabisa.

Wa kwanza ni wa jimbo. Majimbo mengi yanamruhusu kijana aliyesoma hai skuli pale alipe ada ya mwenyeji badala ya ya mgeni, na tofauti yake si ya soda, kwenye vyuo vya University of California mgeni anaongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Baadhi ya majimbo yanatoa na msaada wa pesa kabisa, na kila moja lina fomu yake nje ya FAFSA: California wana ile ya Dream Act, sheria yao ya kuwasaidia vijana hawa, Washington wanaita WASFA, New York walipitisha Dream Act yao 2019, New Jersey walifungua 2018. Sisi Maryland tuna fomu yetu ya jimbo, na sheria yetu ya ada ya mwenyeji ilipigiwa kura na wananchi wenyewe Novemba 2012 ikapita. Lakini angalieni tarehe ya hizo orodha mnazotumiana! Texas ndio walikuwa wa kwanza, mwaka 2001, na Juni 2025 serikali kuu ikawashtaki, jimbo likakubali siku ile ile, sheria ikafa jioni. Florida walifuta yao ikaisha Julai 2025. Bado kuna watu wananitumia orodha ya 2022 yenye Texas juu kabisa na kopa tatu.

Mfuko wa pili ni wa chuo chenyewe, na huu ndio mnono. Vyuo binafsi vina hela zao na vinagawa vinavyotaka. Harvard, Yale, Princeton wanaangalia uwezo wa familia bila kujali makaratasi na wanajazia kilichopungua. Swarthmore na Pomona wanamhesabu kijana aliyemaliza hai skuli ya Marekani kama mwombaji wa ndani, wakati vyuo vingine vinamtupa kwenye kapu la wanafunzi wa kimataifa, ambako pesa ni kidogo na ushindani ni wa dunia nzima. Swali la kuuliza kwa imeli kabla hujalipa chochote ni hilo: mtanihesabu wa ndani au wa nje? Huhitaji kutaja jina lako kuuliza. Ile fomu ya CSS Profile, ya kuomba msaada wa pesa za chuo, ambayo vyuo vingi vya aina hii vinataka, haikulazimishi namba ya soshal. Na QuestBridge, mpango wa kuwaunganisha vijana wa kipato cha chini wanaofaulu vizuri na vyuo, wanapokea maombi ya anayesoma hai skuli ndani ya Marekani, uraia hawauangalii, ila dedlaini yao ni mwisho wa Septemba, yaani ukinipigia Oktoba ushachelewa.

Wa tatu ni mashirika. TheDream.US ni ya vijana hawa hawa, na siku hizi hawalazimishi DACA, ila pesa yao inatumika kwenye vyuo walivyoshirikiana navyo tu, kwa hiyo angalia orodha ya vyuo kwanza ndo uanze kuandika esei. Kuna Golden Door Scholars, na kuna Immigrants Rising ambao wanakusanya orodha ya skolashipu zisizouliza uraia. Halafu usidharau vitu vidogo, dola 500 za chama cha wauguzi wa mtaa, dola 1,000 za benki ya wilaya, huko waombaji wanakuwa wachache.

"Bila soshal hawawezi kukulipa"

Skolashipu si mshahara, haihitaji kibali cha kazi. Mara nyingi hundi inaenda chuoni moja kwa moja. Wakitaka namba ya kodi kuna ITIN, unaomba IRS, ofisi ya kodi ya serikali kuu, kwa fomu W-7. Jua tu kwamba sehemu inayolipia chumba na chakula inahesabika kama kipato, ile ya ada na vitabu haihesabiki.

"Wazazi hawana makaratasi kwa hiyo hata mtoto mzawa hapati"

Hili linanikera. Mtoto aliyezaliwa hapa ni raia, FAFSA ni haki yake, Pell Grant mpaka dola 7,395 kwa mwaka, na hali ya mzazi haimpunguzii kitu. Mzazi asiye na soshal anafungua akaunti yake mwenyewe kwenye mfumo ule, inasumbua, inagoma, unarudia, lakini inawezekana. Najua hofu ya sasa hivi. Sheria inasema taarifa za FAFSA ni za msaada wa masomo tu, lakini tumeona 2025 IRS walivyokubaliana kuwapa watu wa uhamiaji taarifa za kodi, kwa hiyo sitamwambia mzazi "usiogope" halafu mimi nikalale. Kaeni kama familia, ongeeni na wakili, mpime. Kuna ambao tayari wanafaili kodi kwa anwani ile ile kila mwaka wakaona hakuna jipya wanalotoa. Kuna waliosema hapana. Siwahukumu.

"Sijapata grini kadi, kwa hiyo sina makaratasi"

Binti mmoja, Mkongo, katokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, alikaa kwenye kikao chetu dakika 40 akiandika orodha ya skolashipu za wasio na makaratasi. Mwisho namuuliza mliingiaje? Anatoa I-94, ile karatasi ya kuingilia nchini, kwenye bahasha, imeandikwa mkimbizi. Dada, una makaratasi! Mkimbizi, au aliyekubaliwa hifadhi, ni yule "mgeni anayestahili" kwenye lile swali la FAFSA, hata kabla grini kadi haijafika. Alikuwa anajinyima Pell mwaka mzima. Ila ambaye kesi yake ya hifadhi bado inasubiri, huyo bado hastahili.

"Ngoja DACA ifunguliwe"

Piga hesabu. DACA ilitangazwa Juni 2012 na inataka uwe umeishi Marekani tangu tarehe 15 Juni 2007. Kijana wa miaka 17 leo alikuwa hajazaliwa. Hata wakifungua kesho asubuhi, kwa masharti yale, yeye hayumo.

"Rudi nyumbani uchukue visa ya shule, utarudi kihalali"

Huu ushauri wa wajomba. Ukifikisha miaka 18 siku za kukaa bila ruhusa zinaanza kuhesabiwa. Ukitoka nchini zikiwa zimepita 180 unaweza kufungiwa miaka 3, zikipita mwaka mmoja ni miaka 10. Yaani unaenda Nairobi au Dar kuchukua visa na unabaki huko mpaka uwe na mvi. Kama mtoto bado hajafika 18, au ndo ametimiza juzi, muone wakili wa uhamiaji wiki hii, maana dirisha likifungwa limefungwa. Na wakili awe wakili kweli, si yule mtu wa kujaza fomu kwenye duka la kutuma pesa.

"Hizo ni za Wameksiko"

Si kweli. Weusi tumo, UndocuBlack Network, mtandao wa weusi wasio na makaratasi, ilianzishwa 2016 kwa sababu hiyo hiyo, tulikuwa hatuonekani.

Na anayekwambia lipa dola 150 "uhakikishiwe" skolashipu ni tapeli. Kata simu.

Yule kijana wa mandazi tulifunga FAFSA bila kutuma, tukafungua ile fomu ya jimbo. Maryland wanataka kuona familia imekuwa ikifaili kodi, na mimi moyoni nikasema hapa ndo mwisho, kumbe mama yake akafuta mikono, akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti wa bati, ndani risiti za kodi za miaka 9 zimefungwa kwa rababendi, mwaka kwa mwaka. "Nilijua siku moja wataziulizia," akasema, akarudi kugeuza mandazi.