Mchango wa mshikamano: klabu iliyomlea beki hulipwa vipi anapouzwa Ulaya

Mchango wa mshikamano ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho inayotengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea mchezaji kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi mwaka aliotimiza miaka 23. Umo katika kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, na ulianza mwaka 2001, FIFA ilipokubaliana na Tume ya Ulaya kuhusu mfumo mpya wa uhamisho. Miaka sita kabla yake, hukumu ya mahakama ya Ulaya katika kesi ya mchezaji Jean-Marc Bosman ilikuwa imempa mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya haki ya kuondoka bure mkataba unapoisha, na klabu ndogo zikabaki zikiuliza nani atazirudishia gharama za malezi. Mchango huu ni sehemu ya jibu.

Kwa mabeki wa Amerika Kusini una uzito wa pekee. Kifungu cha 19 cha kanuni hizo kinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na soka. Kwa hiyo beki wa Argentina, Uruguay, Colombia au Ecuador kwa kawaida hufika Ulaya akiwa na miaka 18 au zaidi, na miaka yote ya utoto wake kisoka iko nyumbani. Kila anapouzwa baadaye, hata akiwa na miaka 30, sehemu ya fedha hizo ni haki ya waliomlea. Kikomo cha miaka 23 kinahusu miaka inayohesabiwa kuwa ya malezi. Hakizuii malipo kwa mauzo yanayofanyika baada ya umri huo.

Hesabu yenyewe

Asilimia 5 haigawanywi sawasawa. Kila mwaka wa kalenda kuanzia ule wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka kuanzia wa 16 hadi wa 23 una thamani ya asilimia 0.5. Miaka minne ya kwanza inatoa asilimia 1, minane inayofuata inatoa asilimia 4.

Tumchukue beki Lisandro Martínez. Alizaliwa Gualeguay, katika jimbo la Entre Ríos, Argentina, Januari 1998. Alianzia klabu za mji huo, Urquiza na Libertad, kisha akaenda Newell's Old Boys ya Rosario mwaka 2014. Katikati ya 2017 alijiunga na Defensa y Justicia, kwanza kwa mkopo, na katikati ya 2019 akahamia Ajax. Julai 2022 Ajax na Manchester United walikubaliana ada ya euro milioni 57.37, pamoja na nyongeza, yaani fedha zinazolipwa masharti fulani yakitimia, zinazoweza kufika milioni 10.

Miaka yake ya malezi ni 2010 hadi 2021. Asilimia 5 ya euro milioni 57.37 ni euro 2,868,500. Mwaka mmoja wa utotoni unapata euro 143,425, na mwaka mmoja baada ya hapo euro 286,850. Tukikadiria kwa nusu mwaka, miaka minne ya Gualeguay ina thamani ya euro 573,700. Miaka mitatu na nusu ya Newell's inafika euro 1,003,975. Miaka miwili ya Defensa ni euro 573,700, na miwili na nusu ya Ajax ni euro 717,125. Hayo ndiyo yanayotoka kwenye kanuni. Malipo halisi hupigwa kwa siku, kufuata tarehe za usajili zilizoandikwa, na ndiyo maana tarehe moja iliyokosewa ina gharama: mwezi mmoja wa mchezaji huyu baada ya miaka 16 ni karibu euro 23,900.

Mambo matatu ya kuangalia hapo. Kwanza, mkopo unahesabiwa. Klabu aliyochezea kwa mkopo ndiyo inayopata sehemu ya kipindi kile, na iliyommiliki haipati. Pili, mchango unafuata fedha zinavyolipwa: ada ikilipwa kwa awamu tatu, mchango nao unatoka kwa awamu tatu, na nyongeza ikitimia nayo inakatwa asilimia 5. Nyongeza zote za Martínez zikitimia, kuna euro 500,000 zaidi za kugawa. Tatu, wanunuzi na wauzaji mara nyingi hubishana ni nani abebe asilimia hiyo. Muuzaji akiandika kwenye mkataba kwamba anataka ada kamili bila makato, mnunuzi anaongeza asilimia 5 juu yake. Hayo ni yao wawili. Klabu za malezi zinadai haki yao vilevile.

Nionavyo, uwiano wa 0.25 kwa 0.5 unazionea klabu za chini. Beki anajifunza kusimama, kugeuza mwili na kusoma pasi kabla ya miaka 16, tena kwenye klabu ambayo mara nyingi haina hata taa za uwanjani. FIFA inahesabu kwamba malezi ya umri huo ni nafuu. Ni nafuu kweli, lakini wanaoyabeba ni wenye kipato kidogo kuliko wote kwenye mnyororo huu.

Pasipoti ya mchezaji, ambako fedha nyingi hupotelea

Haki ya kulipwa inatokana na usajili, na usajili unathibitishwa na hati inayoitwa pasipoti ya mchezaji. Haina uhusiano na pasipoti ya kusafiria. Ni orodha inayotolewa na shirikisho la soka la nchi, ikionyesha kila klabu aliyosajiliwa mchezaji, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kama alikuwa wa ridhaa au wa kulipwa, na kama alikuwa wa kudumu au wa mkopo.

Kocha anaweza kuwa amemfundisha kijana miaka mitano, ana picha na mashahidi mtaa mzima, lakini kama jina la kijana halikusajiliwa shirikishoni, miaka hiyo haipo. Klabu inayocheza ligi ya mji tu, bila uhusiano na shirikisho la taifa, haitambuliki. Kituo cha mazoezi cha mtu binafsi kisichokuwa mwanachama wa shirikisho hakitambuliki pia, hata kama ndicho kilichomfanya beki huyo awe alivyo. Kosa lingine la kawaida ni tarehe ya kuondoka kutoandikwa. Kijana anaondoka Machi, klabu mpya inamsajili Agosti, na miezi mitano inabaki bila mwenyewe. Kuna pia majina: watu wa Amerika Kusini hutumia majina mawili ya ukoo, na mchezaji aliyeandikwa kwa jina moja kwenye ligi ya watoto na mawili kwenye ligi kuu anaweza kuonekana kama watu wawili.

Hadi mwishoni mwa 2022 klabu ililazimika kudai haki yake yenyewe. Ilibidi isikie habari za uhamisho, ipate pasipoti kutoka shirikisho lake, iiandikie klabu iliyonunua, na ikinyimwa iende FIFA. Dai lililochelewa kupita miaka miwili lilikufa. Klabu nyingi za vijijini zilikuwa zikisoma habari hizo gazetini na hazikujua kwamba zina chao, au zilimpa mwanasheria sehemu kubwa ya fedha ili azifuatilie. Uhamisho wa Martínez kwenda Manchester ulifanyika wakati wa mfumo huo wa zamani.

Tangu Novemba 2022 kazi hiyo imehamia kwenye kituo cha malipo cha FIFA, FIFA Clearing House, kilichopo Paris. Mchezaji anaposajiliwa klabu mpya kwa uhamisho unaostahili, mfumo unakusanya kumbukumbu kutoka mashirikisho yote na kutengeneza pasipoti ya kielektroniki ya awali. Pasipoti hiyo huwekwa wazi kwa siku 10 ili mashirikisho na klabu ziikague. Klabu ikiona haimo, shirikisho lake linaomba iingizwe kwenye mapitio na kuleta ushahidi wa usajili. FIFA ikishakamilisha mapitio hutoa taarifa ya mgawo, mnunuzi anapeleka fedha Paris, na kituo kinazigawa.

Mfumo huu umepunguza kazi ya kudai, ila umeleta kizuizi kipya. Kituo hicho kinafanya kazi chini ya sheria za fedha za Ufaransa, kwa hiyo kila klabu hukaguliwa kabla ya kulipwa: ni nani viongozi wake, nyaraka za kuandikishwa ziko wapi, akaunti ya benki ni ya nani. Klabu inayotunza fedha kwenye akaunti ya mwenyekiti hukwama hapa. Iliyobadilisha uongozi bila kupeleka taarifa serikalini hukwama pia. Akaunti lazima iwe kwa jina la klabu.

Vitu vinavyochanganywa nao

Fidia ya malezi ni kitu kingine. Hiyo hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na tena anapohama kimataifa hadi mwisho wa mwaka anaotimiza 23. Haitegemei ada ya uhamisho. Inategemea daraja la klabu mpya, yaani kundi iliyowekwa kulingana na gharama za malezi: kwa Ulaya, klabu ya daraja la kwanza inahesabiwa euro 90,000 kwa kila mwaka wa malezi, la pili 60,000, la tatu 30,000 na la nne 10,000. Miaka ya 12 hadi 15 hupigwa kwa kiwango cha daraja la nne. Kwa hiyo kijana wa ridhaa aliyelelewa na klabu moja tangu miaka 12 hadi 17, akasaini mkataba wake wa kwanza na klabu ya daraja la kwanza Ulaya, anailetea klabu yake mara nne 10,000 na mara mbili 90,000, jumla euro 220,000.

Shida ni kwamba vijana wengi wazuri wa Amerika Kusini husaini mkataba wa kulipwa nyumbani kwanza. Hapo anapohamia Ulaya, fidia ya malezi inakwenda kwa klabu ya mwisho tu, na ile ya mtaani inabaki na mchango wa mshikamano peke yake.

Kipengele cha asilimia ya mauzo yajayo nacho hakihusiani. Hicho ni makubaliano ya hiari kati ya muuzaji na mnunuzi kwamba muuzaji atapata sehemu mchezaji akiuzwa tena, na hudaiwa kwa mkataba. Na kumiliki sehemu ya mchezaji kupitia kampuni au mtu wa nje, jambo lililoenea sana Amerika Kusini, FIFA ilikupiga marufuku tangu Mei 2015.

Wakati ambapo hakuna kitu

Bila ada hakuna mchango. Thiago Silva aliponunuliwa na PSG kutoka AC Milan mwaka 2012, klabu zake za malezi Brazil zilikuwa na fungu. Alipokwenda Chelsea mwaka 2020 mkataba wake ukiwa umekwisha, asilimia 5 ya sifuri ilikuwa sifuri. Kwa klabu ya malezi, beki anayemaliza mikataba na kuhama bure ni hasara.

Zamani kulikuwa na tundu jingine: mauzo ndani ya nchi moja ya Ulaya hayakuhesabiwa. Tangu Julai 2020 yanahesabiwa ikiwa klabu ya malezi iko nchi nyingine. Ndiyo maana beki Mbrazili Bremer alipotoka Torino kwenda Juventus mwaka 2022 kwa euro milioni 41, Waitaliano kwa Waitaliano, klabu za Brazil zilizomlea zilikuwa na haki ya kudai.

Kanuni hizi ni za wanachama wote wa FIFA. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ziliigusa TP Mazembe ya Lubumbashi na klabu zilizomsajili Tanzania kabla yake, kwa miaka iliyoandikwa kwenye pasipoti yake. Klabu yenye vijana wa miaka 12 leo ihakikishe kila mmoja anaingizwa kwenye mfumo wa usajili wa shirikisho kwa jina lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa, na akiondoka, tarehe ya kuondoka iandikwe siku hiyohiyo.