Kwa nini Mhindi huanza kwa herufi kubwa na mhindi kwa herufi ndogo?

Je, wajua kwamba herufi moja tu ndiyo inayomtenga mtu na mmea? Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, na mhindi ni mmea unaozaa mahindi. Vivyo hivyo Mkamba ni mtu wa Ukambani, Kenya, ilhali mkamba ni ugonjwa wa kifua wenye kikohozi kikali. Katika mazungumzo upatanisho hutuokoa, kwa kuwa tunasema Mhindi ameanguka, lakini mhindi umeanguka. Kwenye karatasi, hasa neno likiwa peke yake katika orodha au jedwali, tunabaki kutegemea ile herufi ya kwanza.

Waswahili walioandika kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi hawakuwa na shida hii, kwa sababu hati hiyo haina herufi kubwa wala ndogo. Suala lilizuka tulipohamia herufi za Kirumi.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Jina la taifa, kabila, lugha au mahali ni nomino ya pekee, na herufi kubwa hukaa mwanzoni mwa neno zima, yaani kwenye kiambishi: Msukuma, Wasukuma, Kisukuma, Usukumani. Afrika Kusini wameamua vingine. Wao huandika isiZulu na amaXhosa, herufi kubwa ikiwa kwenye shina. Ndiyo maana utakuta mtu anaandika kiSwahili akidhani ndiyo kitaalamu zaidi. Katika Kiswahili sanifu ni Kiswahili, na watu wa kule tunawaita Wazulu na lugha yao Kizulu.

Wengi huteleza pale jina linapotumika kama sifa. Vyakula vya Kihindi, ngoma ya Kisukuma, mvinyo wa Kifaransa: zote zinataka K kubwa. Anayeandika Kifaransa kila siku, kule Lubumbashi au Bujumbura, anaweza kuipunguza bila kujua, kwa kuwa Wafaransa huandika Français kwa herufi kubwa wanapomtaja mtu, lakini français kwa herufi ndogo wanapotaja lugha au sifa.

Vipi kuhusu rangi na asili? Mweusi, mweupe na chotara ni maneno ya kueleza mtu alivyo, kwa hiyo hubaki na herufi ndogo: watu weusi, Wamarekani weusi. Mwafrika, Mwarabu na Mzungu ni majina ya jamii, nayo hustahili herufi kubwa. Wapo wanaopinga hilo la Mzungu, wakisema hakuna nchi iitwayo Uzungu. Hoja hiyo haitoshi. Jina la jamii halihitaji nchi, na tena mzungu kwa herufi ndogo, wingi wake mizungu, ni jambo la ajabu au mbinu. Ubaya zaidi ni kuchanganya: ukiandika "Waafrika, Waarabu na wazungu" katika sentensi moja, umewapa wawili hadhi ya jina na kumnyima wa tatu.

Kunyimwa huko kuliwauma sana watu weusi wa Marekani. Magazeti yaliandika Mwairishi, Mjerumani na Mwitaliano kwa herufi kubwa, halafu neno Negro, lililokuwa jina lao wakati huo, yakalianza kwa n ndogo. Mwanazuoni W. E. B. Du Bois, katika utafiti wake kuhusu watu weusi wa Philadelphia uliotoka mwaka 1899, alieleza kwamba ataliandika kwa herufi kubwa kwa kuwa Wamarekani milioni nane wanaistahili. Alizidi kuyashinikiza magazeti kwa miaka mingi, na New York Times likakubali Machi 1930.

Mjadala ukarudi kwa neno Black. Juni 2020 shirika la habari la Associated Press liliamua kuliandika kwa herufi kubwa linapotaja watu, kwa hoja kwamba lina historia na utambulisho wa pamoja ndani yake. Neno white lililiacha na herufi ndogo, likisema weupe hawana historia ya pamoja ya aina hiyo, na kwamba makundi yanayotukuza weupe ndiyo hupenda kulikuza. Washington Post liliyapa maneno yote mawili herufi kubwa.

Kwa mfasiri, ushauri wetu ni huu: ikiwa mwandishi wa asili ameikuza B kwa makusudi, andika Wamarekani Weusi, maana hilo ni chaguo lake. Katika makala yako mwenyewe, weusi kwa w ndogo ni sahihi, mradi usibadili katikati ya safari.

Unaposahihisha kwenye kompyuta, usiamuru mashine ibadilishe maneno yote kwa mpigo. Ukiiambia igeuze kila "mhindi" kuwa "Mhindi", makala ya kilimo itajaa watu waliopandwa kwa mistari. Washa chaguo la kutofautisha herufi kubwa na ndogo, tafuta neno moja moja, kisha tazama kitenzi kinachofuata: a- au wa- ni mtu, u- au i- ni mmea. Rudia kwa wingi, Wahindi na mihindi, na kwa sifa, Kihindi.