Je, wajua kwa nini mali ya Zinaida Yusupova ilibaki Urusi?

Kabla ya mapinduzi ya 1917, Zinaida Yusupova alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa Urusi. Mali ilikuwa yake, si ya mume: tangu 1753 sheria ya huko ilimruhusu mke kumiliki na kuuza mali yake mwenyewe. Alizaliwa 1861 na akawa mrithi wa mwisho wa ukoo, hata ikabidi mfalme amruhusu mumewe, Felix Sumarokov-Elston, achukue jina la Yusupov lisije likafa.

Ila utajiri wenyewe ulikuwa wa kukaa mahali pamoja: mashamba, misitu, jumba la kando ya mto Moika mjini Saint Petersburg, kasri la Arkhangelskoye karibu na Moscow. Amri ya Ardhi ya Wabolsheviki, wakomunisti waliokuwa wametwaa madaraka, ya 8 Novemba 1917 (26 Oktoba kwa kalenda waliyotumia Warusi wakati huo) iliwanyang'anya makabaila ardhi bila fidia yoyote. Mwezi uliofuata benki zikataifishwa, na waliohifadhi mali kwenye visanduku vya benki wakaitwa waje na funguo vikaguliwe.

Kilichookoka ni kile kinachobebeka. Mwanawe Felix, yuleyule aliyeshiriki kumuua Rasputin, mganga aliyekuwa na ushawishi kwa familia ya mfalme, mwaka 1916, alitoroka na picha mbili za Rembrandt, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi. Aprili 1919 familia ikapanda manowari ya Kiingereza Marlborough huko Crimea, pamoja na mama yake mfalme aliyepinduliwa. Mwaka 1921 picha zile zilinunuliwa na Mmarekani Joseph Widener. Baadaye Felix alifungua kesi ili azirudishe, akashindwa. Leo ziko Washington.

Vito vilivyofichwa katika jumba lao la Moscow havikuwa na bahati hiyo. Mficho ulikuwa mzuri, lakini nyumba ilikuwa mikononi mwa serikali, na mwaka 1925 ulifichuliwa. Hata vito vilivyovuka mpaka havikuwa na bei ya zamani, maana wakimbizi wengi wa Kirusi walikuwa wakiuza vitu vilevile kwa wakati mmoja, na sonara alijua muuzaji ana njaa.

Zinaida aliishi Roma, kisha Paris baada ya mumewe kufariki 1928, akafa huko 1939. Lulu yake mashuhuri, Pelegrina, ilidumu katika familia hadi 1953, Felix alipoiuza.