Nahodha wa Zamani Akipewa Ofisi: Dhana Potofu Kuhusu Mameneja wa Hoki

Timu ya hoki ya barafuni ikishayumba misimu miwili mitatu, mashabiki huanza kulitaja jina lilelile: nahodha wa zamani, yule ambaye jezi yake imetundikwa kwa heshima chini ya paa la uwanja. Arudishwe nyumbani, apewe umeneja mkuu, mambo yatanyooka. Ligi ya NHL ya Marekani na Kanada imelijaribu hilo mara nyingi, na majibu yapo.

Dhana: Meneja mkuu ni kocha mwenye cheo kikubwa.

Sisi tumelizoea neno meneja kutoka ligi ya Uingereza, ambako meneja ndiye anayepanga kikosi. Katika NHL, meneja mkuu hakai benchi. Shughuli zake ni kusajili, kubadilishana wachezaji na timu nyingine, kuajiri na kufukuza makocha, na kuhakikisha jumla ya mishahara haivuki kikomo cha ligi, ambacho msimu wa 2024/25 kilikuwa dola milioni 88. Brett Hull alifunga mabao 741 katika ligi hiyo, na hakuna hata moja kati ya hayo linalokufundisha kupima mkataba wa miaka saba. Mwishoni mwa 2007 Dallas Stars walimpa kiti hicho, akishirikiana na Les Jackson. Kufikia katikati ya 2009 kiti kilikuwa na mtu mwingine.

Dhana: Anaweza kutoka barafuni akaingia ofisini moja kwa moja.

Steve Yzerman ndiye mfano unaotajwa na kila mtu, lakini nusu ya hadithi yake husahaulika. Alibeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, mara tatu akiwa nahodha wa Detroit Red Wings: 1997, 1998 na 2002. Alipostaafu mwaka 2006 hakupewa timu. Alikaa miaka minne ofisini Detroit, chini ya Ken Holland, akijifunza. Na huyo Holland, mwalimu wake, alikuwa golikipa aliyecheza mechi nne tu za NHL! Tampa Bay Lightning walipomchukua Yzerman mwaka 2010, walikuwa wanamchukua mwanafunzi aliyehitimu.

Dhana: Fundi hukitambua kipaji kwa jicho moja.

Kwenye drafti, yaani siku ambayo timu hupokezana kuchagua chipukizi, Tampa ya Yzerman ilimpata Nikita Kucherov akiwa wa 58 (2011) na Brayden Point akiwa wa 79 (2014). Wote wawili wakawa nguzo za timu. Sifa nyingi zimwendee Al Murray na maskauti wake, yaani wasaka vipaji, wanaomaliza majira ya baridi kwenye viwanja vidogo vya miji ambayo hata jina lake hulijui. Kazi ya bosi hapo ni kuwaajiri watu sahihi, kisha kuwasikiliza.

Dhana: Jina kubwa huleta kombe.

Jina kubwa huleta muda, na muda ni mali. Msimu wa 2016/17 Colorado Avalanche ya Joe Sakic, naye nahodha wa zamani wa timu hiyohiyo, ilishinda mechi 22 kati ya 82 na kushika mkia. Naamini meneja asiye na jina angefungashiwa virago kesho yake. Sakic alibaki, na mwaka 2022 akanyanyua kombe. Yzerman, kwa upande wake, aliondoka kwenye kiti cha Tampa mwaka 2018 mikono mitupu. Makombe ya 2020 na 2021 yalikuja chini ya Julien BriseBois, mwanasheria. Yzerman akarudi Detroit 2019 kuwa meneja mkuu, na hadi msimu wa 2024/25 unaisha timu ilikuwa haijaingia hatua ya mtoano hata mara moja.

Dhana: Atawaonea haya nyota wenzake.

Hii ndiyo inayonichekesha zaidi. Matt Duchene, mchezaji wa Colorado, alikua akimhusudu Sakic tangu utotoni. Novemba 5, 2017, mechi ikiwa inaendelea Brooklyn, aliitwa atoke barafuni katika kipindi cha kwanza: bosi wake ameshamuuza Ottawa.

Ya Tampa ilikuwa na uchungu zaidi. Martin St. Louis alikuwa nahodha wa timu, na msimu uliotangulia alikuwa ameongoza ligi nzima kwa pointi (mabao na pasi za mabao) akiwa na miaka 37. Januari 2014 orodha ya Kanada ya kwenda Olimpiki ya Sochi ikatoka, jina lake halimo. Na aliyeongoza uteuzi ule alikuwa Yzerman, meneja wake mwenyewe! Baadaye Steven Stamkos, aliyekuwa kwenye orodha, akashindwa kupona mguu uliovunjika, St. Louis akaitwa kuziba pengo, akarudi na dhahabu. Lakini moyo ulikuwa umeshavunjika. Akaomba kuondoka, na Machi 5 akapelekwa New York Rangers, naye Ryan Callahan akaja Tampa pamoja na nafasi za drafti. Miezi michache baadaye St. Louis alikuwa anacheza fainali akiwa na Rangers.

Januari 2017 Tampa waliipandisha paani jezi yake namba 26, ya kwanza katika historia ya klabu. Meneja mkuu bado alikuwa Yzerman.