Akili mnemba na saratani ya ovari: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mashine sasa inaiona saratani ya ovari, basi kila mwanamke akapimwe."

Hii ndiyo dhana inayonitia wasiwasi zaidi, maana imebeba matumaini ya watu. Utafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, uliochapishwa Januari 2025, ulitumia picha 17,119 za ultrasaundi za wanawake 3,652 kutoka nchi 8. Wanawake hao wote walikuwa tayari wameonekana wana uvimbe kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Programu ya akili mnemba iliulizwa jambo moja tu: uvimbe huu ni saratani au la? Kuwapima wanawake wasio na dalili yoyote ni suala jingine kabisa, na Uingereza ilishalijaribu katika utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000, kwa ultrasaundi na kipimo cha damu cha CA125. Matokeo ya mwisho, mwaka 2021, yalionyesha kwamba vifo havikupungua.

"Madaktari hawatahitajika tena."

Katika utafiti huo wa Sweden, programu ilipata alama 83.5 kwa mia, mabingwa 79.5, na wapimaji wenye uzoefu mdogo 74.1. Mimi naitazama hiyo ya mwisho. Mabingwa wa ultrasaundi ya aina hii ni haba hata Ulaya, kwa hiyo faida kubwa iko kwa mpimaji asiye na bingwa wa kumuuliza. Hata hivyo, programu ilisoma picha zilizokwisha kupigwa na kuhifadhiwa. Mkono uliozipiga ulikuwa wa mtu, na picha ikipigwa vibaya programu haina pa kuanzia.

"Picha ikisema saratani, ni saratani."

Hapana. Jibu la mwisho hutoka maabara, uvimbe ukishatolewa na kuchunguzwa kwa hadubini.

"Nilipimwa mlango wa kizazi, niko salama."

Kipimo hicho hakiangalii ovari.

"Ugonjwa huu hauna dalili."

Zipo, ila hufanana na za maradhi madogo: tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu chini ya kitovu, kukojoa mara kwa mara. Wengi hupewa dawa za gesi au za UTI. Dada, mama, shangazi: dalili hizo zikiwa mpya kwako na zikajirudia karibu kila siku kwa wiki kadhaa, rudi hospitali, umwombe daktari akuandikie ultrasaundi.