Nani Alifanya Nini? Kuwatambua Wachangiaji katika Mradi wa Wanafunzi wa Biolojia Sintetiki

Mradi wa wanafunzi wa biolojia sintetiki, yaani taaluma ya kuvipa viumbe uwezo mpya kwa kuunganisha vipande vya DNA, si kazi ya wanafunzi peke yao. Kabla timu haijaunganisha kipande cha kwanza cha DNA, tayari imeazima jeni iliyotengwa na mtafiti mwingine miaka mingi nyuma, plasmidi (kiduara kidogo cha DNA kinachobeba jeni) iliyotunzwa katika hazina ya pamoja ya vipande hivyo, bakteria waliotayarishwa na fundi wa maabara, na ushauri wa mwalimu aliyeukataa mpango wa awali kwa kuwa aliona mapema kwamba usingefanya kazi. Kuazima huko si aibu, kwa sababu taaluma hii ilijengwa makusudi juu ya vipande vinavyoweza kutumiwa tena na watu wasiofahamiana. Kasoro huanza pale ripoti inapoandikwa kwa namna inayomwacha msomaji asijue kazi waliyoifanya wanafunzi inaishia wapi na kazi waliyofanyiwa inaanzia wapi.

Mashindano ya iGEM, ya kimataifa kwa timu za wanafunzi wa biolojia sintetiki, ambayo chimbuko lake ni kozi fupi iliyofundishwa Januari 2003 katika chuo cha MIT nchini Marekani na ambayo mwaka 2004 yalishirikisha timu tano tu, yamelifanya jambo hili kuwa sharti. Timu haistahili hata medali ya shaba bila kueleza wazi ni kazi ipi waliifanya wanafunzi wenyewe na ni ipi ilifanywa na washauri, maabara nyingine au kampuni. Wanafunzi wengi huliogopa sharti hili wakidhani kwamba kukiri msaada kutawapunguzia alama. Hofu hiyo haina msingi, kwani jaji mzoefu anatambua upesi kwamba kundi la vijana haliwezi kufanya kila kitu katika miezi michache, na ripoti isiyotaja msaada wowote ndiyo inayomtia shaka.

Tatizo la kawaida si kuwasahau watu kabisa, bali ni kuwashukuru kwa maneno matupu. Tuchukue sentensi ambayo huonekana mara nyingi: "Tunamshukuru msimamizi wetu wa maabara kwa msaada wake mkubwa." Ni ya adabu, lakini haielezi chochote. Sasa tuilinganishe na hii: "Msimamizi wa maabara alitufundisha elektroforesisi ya jeli (kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme) na alitutayarishia seli za bakteria E. coli za kupokea plasmidi. Sisi tulibuni praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili), tukaingiza plasmidi katika seli na kupima mwangaza. Usomaji wa mfuatano wa DNA ulifanywa na kampuni kwa malipo." Hapa kila mtu ana kitenzi chake. Faida yake si heshima tu, ni ya kisayansi pia: timu nyingine ikirudia jaribio hilo na kupata makoloni (vikundi vya bakteria) machache mno kwenye sahani, itajua kwamba swali la kwanza la kuuliza ni namna seli zile zilivyotayarishwa, na itajua wa kumwuliza.

Uangalifu huo huo unahitajika kwa vipande vinavyochukuliwa kutoka hazina. Protini ng'avu ya kijani hutumika katika miradi mingi mno kama ishara kwamba jeni iliyopandikizwa inafanya kazi, na wanafunzi huiagiza kwa namba yake, kwa mfano BBa_E0040, kana kwamba ilizaliwa ndani ya orodha. Ukweli ni kwamba mwanasayansi Osamu Shimomura aliitambua kwa konyeza wa baharini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1992 Douglas Prasher alifanikiwa kutenga jeni yake na kusoma mfuatano wake. Alipoishiwa fedha za utafiti, aliwapatia jeni hiyo watafiti wenzake Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 2008 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien, kwa kuwa kanuni zake haziruhusu tuzo moja kugawanywa kwa zaidi ya watu watatu. Kisa hiki husimuliwa kama simulizi ya dhuluma, nami naona usimulizi huo unaruka jambo muhimu: katika makala za mwaka 1994 ambazo maabara za Chalfie na Tsien zilieleza matumizi ya jeni hiyo, Prasher ametajwa kuwa mwandishi mwenza. Tuzo haikuwa na nafasi ya nne, lakini maandishi yalikuwa nayo, na kwa sababu hiyo mchango wake hauna ubishi.

Uandishi wenza na shukrani ni vitu viwili tofauti. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inadai mambo manne kwa pamoja: mchango mkubwa katika ubunifu wa kazi au katika data zake, kushiriki kuandika au kuhakiki maandishi, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Kutafuta fedha au kuongoza maabara kwa ujumla, peke yake, hakumfanyi mtu kuwa mwandishi, ingawa kwa desturi majina ya wakubwa huingia yenyewe. Kwa kigezo hicho cha uwajibikaji, programu za akili mnemba nazo haziwezi kuwa waandishi; matumizi yake hutajwa tu. Orodha ya CRediT ya aina za michango katika utafiti, yenye majukumu 14 kuanzia kubuni wazo hadi kutunza data na kuandika programu, huzisaidia timu kumpa kila mmoja nafasi inayomfaa.

Anayepotea kwa urahisi zaidi ni mwanafunzi ambaye sehemu yake ya mradi haikufaulu. Pengine alihangaika kwa miezi na saketi ya jeni (jeni zilizopangwa kufanya kazi pamoja) iliyokataa kuwaka, timu ikabadili mwelekeo kutokana na matokeo yake, na kwenye bango la mwisho pakabaki picha za saketi iliyofaulu pekee. Uamuzi wa kubadili mwelekeo ulitokana na kazi yake, kwa hiyo jina lake linapaswa kukaa hapo uamuzi huo unapoelezwa. Kumbukumbu hii haiwezi kukusanywa wiki ya mwisho. Hutoka katika daftari la maabara, ambamo kila ukurasa una tarehe, jina la aliyefanya jaribio na jina la aliyetoa kifaa au sampuli.

Hatimaye, mtu huombwa ruhusa kabla ya kutajwa, kwani msomaji anaweza kudhani kwamba aliyeshukuriwa anaunga mkono hitimisho la mradi. Wagonjwa au wanajamii waliohojiwa wanaweza kutajwa kwa nafasi zao bila majina. Njia nyepesi ni kumpelekea kila mmoja sentensi inayomhusu aisome. Mara nyingine hujibu, "Seli zile sikuzitayarisha mimi, alizitayarisha mwenzangu," na jibu la namna hiyo likifika baada ya tarehe ya kufunga ripoti, huwa hakuna tena nafasi ya kurekebisha.